Dawa Iliyosagwa Kama Jiwe la Kinsevere

Pale kwenye mgodi wa Kinsevere, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, jiwe la kijani la malakiti huvunjwa, husagwa, kisha hutumbukizwa katika matangi ya asidi ya salfa. Shaba huyeyuka, na mwishoni umeme huigandisha kuwa katodi. Mgodi huo, ulio mikononi mwa kampuni ya MMG tangu mwaka 2012, hutumia nguvu nyingi kusaga kwa sababu asidi hulila jiwe kuanzia nje. Bonge zima lingeloweka humo siku nenda siku rudi.

Wafamasia wana shida iyo hiyo. Dawa nyingi zinazobuniwa siku hizi haziyeyuki vizuri katika maji, na dawa ya kupaka isiyoyeyuka haipenyi ngozini. Hubaki juu, ikaishia kwenye shati.

Basi nao wameamua kusaga. Chukua chembe ya dawa yenye umbo la dadu na upana wa maikromita 10, uigawe vipande vya nanomita 200. Utapata vipande 125,000, na eneo la nje litaongezeka mara 50, bila kuongeza dawa hata kidogo. Zaidi ya hapo, chembe ikiwa ndogo kiasi hicho, hata kiwango cha dawa kinachoweza kuyeyuka hupanda. Hizo ndizo fuwele za nano: dawa tupu, iliyozungushiwa kitu chepesi cha kuzizuia chembe zisishikamane. Husagwa ndani ya maji, pamoja na shanga ndogo ngumu, mara nyingi za zirkonia.

Wengi hudhani fuwele hizo hupenya ngozi zikiwa nzima. Sivyo. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lenye seli zilizokufa zilizobanwa katikati ya mafuta, lina unene wa maikromita 10 hadi 20 tu sehemu nyingi za mwili, lakini ni gumu kupita kiasi. Mwaka 2000 Jan Bos na Marcus Meinardi wa Uholanzi walieleza kwamba molekuli yenye uzito wa zaidi ya daltoni 500 kwa kawaida haipiti hapo. Kinachopita ni molekuli zilizoyeyuka, moja moja. Kazi ya fuwele ni kukaa juu zikiyeyuka: ngozi ikinywa kiasi, fuwele hufidia, na maji yaliyogusana na ngozi hayaishiwi dawa.

Kuna mlango mwingine, nao ni vishimo vya vinyweleo. Jürgen Lademann na wenzake wa hospitali ya Charité, Berlin, walionyesha mwaka 2007 kwamba chembe za nano zikisuguliwa vizuri huingia humo na kukaa hadi siku 10, ilhali rangi iliyoyeyushwa ilitoweka baada ya siku 4. Kusugua ni lazima, kwa kuwa unywele ukitikiswa huzisukuma chembe chini. Bibi zetu waliotukanda mafuta hadi ngozi ikawaka hawakuhitaji kuambiwa.

Fuwele za kupaka zilitangulia katika urembo. Rainer Müller wa Chuo Kikuu Huru cha Berlin aliendeleza ufundi huu, na mwaka 2007 kampuni ya Juvena ikauza krimu zenye fuwele za rutini, kwa watu wenye pesa za kupigana na makunyanzi. Kwetu, msaada mkubwa wa kusaga dawa umekuja kwa sindano: cabotegravir ya kuzuia VVU, ambayo ni fuwele za nanomita 200 hivi zinazoyeyuka polepole ndani ya msuli, hivi kwamba sindano moja hutosha miezi 2. Wanawake wa Kenya na Uganda walishiriki katika majaribio yake.

Kwa dawa za kupaka, mimi ninaitaka teknolojia hii huku nikiiogopa. Masoko yetu yamejaa krimu za kujichubua zenye klobetasoli na hidrokwinoni. Klobetasoli huikondesha ngozi, na ikizidi mwilini hudhoofisha tezi za juu ya figo. Atakayefanikiwa kuisaga dawa iliyomo katika krimu hizo atakuwa ameongeza sumu kwa kiasi kile kile cha tyubu. Kanuni hiyo hiyo ya chembe ndogo inamhusu pia mchimbaji anayeshika vumbi la kobalti kwa mikono mitupu. Watafiti wa Trieste, Italia, walionyesha katika maabara kwamba unga wa kobalti hugeuka ayoni ndani ya jasho, na ayoni hizo hupenya ngozi ya binadamu. Kobalti ni miongoni mwa metali zinazoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi.

Halafu kuna joto. Fuwele ndogo hazitulii: zile ndogo zaidi huyeyuka, na dawa yake hujibandika kwenye zilizo kubwa, hadi tyubu nzima irudie kuwa chembe nene. Joto huharakisha mchezo huo, na Lubumbashi ya Oktoba, kabla ya mvua kushika, si Berlin. Ndiyo maana krimu ikishindwa kazi, wa kuulizwa kwanza ni muuza dawa aliyeweka boksi dirishani, juani.