Tano na Tatu Zinapokuwa Tisa

Anayetaka kujua prosesa hufanyaje kazi asianze na ile iliyo ndani ya simu yake. Ile ina mabilioni ya transista, na maelezo ya amri zake yanajaza maelfu ya kurasa. Aanze na 6502, iliyotolewa na kampuni ya MOS Technology ya Marekani mwaka 1975. Ina transista zipatazo 3,500, na iliuzwa dola 25 ilhali 8080 ya Intel ilikuwa imeingia sokoni kwa dola 360. Urahisi huo ndio uliomwezesha Steve Wozniak kuitumia katika kompyuta ya Apple I. Siku hizi zipo programu za bure zinazoiigiza ndani ya kivinjari, hivyo hakuna cha kununua.

Programu ya kwanza ijumlishe 5 na 3:

CLC
LDA #5
ADC #3
STA $0200
BRK

LDA huiweka 5 kwenye A, rejista ambamo hesabu hufanyika. ADC huongeza 3. STA hunakili jibu kwenye kumbukumbu, anwani 0200 kwa namba za msingi wa 16. BRK, katika programu nyingi za kuigiza, husimamisha kazi. Alama ya # ni ndogo lakini ina makali: ukiisahau, LDA 5 haimaanishi tena namba tano, bali chochote kilichomo kwenye anwani ya 5. Mashine haitalalamika. Itachukua ilichokikuta humo na kuendelea.

Programu iitwayo asembla huigeuza mistari hiyo kuwa baiti tisa: 18 A9 05 69 03 8D 00 02 00. Tazama jinsi anwani 0200 ilivyopinduliwa ikawa 00 02. Prosesa hii husoma nusu ndogo ya anwani kwanza. Kwa mwendo wa mapigo milioni moja kwa sekunde, amri nne za mwanzo humalizika kwa mapigo 10 tu.

Kabla ya asembla, namba hizo ziliandikwa na binadamu mwenyewe. Mwaka 1947 Kathleen Booth wa chuo cha Birkbeck, London, alikuwa tayari ameanza kubuni namna nyepesi ya kuandika amri. Mwaka 1949 kule Cambridge, David Wheeler aliiandikia kompyuta ya EDSAC amri 31 zilizosoma herufi kwenye utepe uliotobolewa na kuzigeuza kuwa lugha ya mashine. Wozniak, ambaye hakumudu gharama ya asembla, aliandika toleo lake la lugha ya programu ya BASIC kwa kalamu na karatasi, akitafuta baiti za kila amri kwa mkono. Kwa baiti tisa, mwanafunzi naye ajaribu hivyo walau mara moja.

Sasa CLC, amri ambayo wanaoanza huidhania pambo. Binafsi naiona ndiyo somo lenyewe. 6502 haina amri ya kujumlisha tu. Inayo ADC, ambayo kila mara huongeza pia biti moja iitwayo C. Kazi iliyotangulia ikiwa imeiacha C ikiwa 1, basi tano na tatu zitakuwa tisa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoonekana. CLC huifuta biti hiyo kwanza.

Kwa nini wabunifu wakaweka mtego huo? Kwa sababu rejista A hubeba biti nane, yaani 0 hadi 255. Jumlisha 200 na 100: A itaonyesha 44, na zile 256 zilizofurika zitaacha alama yake kwenye C. Ni ile hesabu ya darasani ya kuandika tarakimu na kuweka moja kichwani. C ndicho kichwa chenyewe, na ADC inayofuata huikuta moja hiyo ikiisubiri. Kwa amri hiyohiyo unaweza kujumlisha namba za baiti mbili, nne au ishirini, ukianzia baiti ndogo.

Jaribu basi: badilisha 5 na 3 ziwe 200 na 100, kisha ongeza mistari mitatu kabla ya BRK: LDA #0, ADC #0, STA $0201. Safari hii usiweke CLC katikati. Kwenye 0200 utakuta 44, kwenye 0201 utakuta 1, na 1 hiyo thamani yake ni 256.