Kompyuta ya mtumba Eldoret: pima joto kabla ya kulipa

Anayenunua kompyuta ya “ex-UK” mjini Eldoret huulizia RAM, ukubwa wa diski na bei ya mwisho. Joto haliulizii, ingawa ndilo linaloeleza mashine ilitunzwaje kabla ya kuvuka bahari. Prosesa za kisasa zina vihisi joto ndani yake, na programu nzuri za kuvisoma hazimgharimu mtumiaji wa nyumbani hata shilingi. Kwa maoni yangu, programu hizo zingefaa zaidi kwenye kaunta ya duka, pesa zikiwa bado mfukoni, kuliko mezani nyumbani baada ya miezi mitatu feni inapoanza kunguruma.

Atakayepinga atasema Eldoret ni mji wa baridi. Ni kweli, lakini mji huo uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa pungufu, kwa hivyo hubeba joto pungufu. Ubaridi hufidia sehemu ya hasara hiyo. Haufidii vumbi lililoziba matundu wala pesti iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kupoza. Chipu nyingi za Intel hujipunguzia kasi joto likikaribia nyuzi 100. Mashine haizimiki wala kulalamika, inazembea tu, na mwenyewe hudhani imezeeka.

Programu ya kuaminika basi ni ipi? Ni ile inayoijua chipu unayoipima. Mwaka 2017 baadhi ya prosesa za AMD, zikiwemo Ryzen 7 1700X na 1800X, ziliripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi kwa makusudi ya mtengenezaji, na programu isiyojua siri hiyo ilimtia mtu hofu ya bure. Ndiyo maana singependekeza SpeedFan, iliyowahi kupendwa sana lakini ikakaa miaka mingi bila toleo jipya. HWiNFO husasishwa mara kwa mara na ina toleo la kubebwa kwenye flashi. Ukiifungua upande wa vihisi unaona safu nne: joto la sasa, la chini kabisa, la juu kabisa na wastani; kuna pia mstari unaosema ndiyo au la kama prosesa imejipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Mstari huo una thamani zaidi kuliko michoro yote ya rangi. Usigombane na muuzaji kuhusu nyuzi 38 au 42, kwani vihisi vya Intel husawazishwa karibu na kikomo cha juu na huteleza kidogo mashine ikiwa baridi.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Programu hizi huomba ruhusa ya msimamizi na kuingia ndani kabisa ya mfumo. Machi 2025 kinga ya Windows ilianza kuzizuia kadhaa zilizotumia draiva ya zamani iitwayo WinRing0, yenye udhaifu uliojulikana tangu 2020. Hata kupakua kuna hatari: Mei 2021 kampuni ya MSI ilionya kuhusu tovuti bandia iliyojifanya kuwa ya programu yake ya Afterburner. Muuzaji anayesita kuchomekewa flashi ya mgeni ana haki. Dawa yake ni kupakua programu mbele yenu wawili kutoka kwa mtengenezaji, au duka liwe nayo tayari. Ila duka likiitumia kibiashara, HWiNFO hudai leseni ya kulipia.

Ipe mashine kazi nzito kwa dakika kumi, kisha usome safu ya joto la juu kabisa. Ikigonga 100 na kasi ikaanguka, ulizia fundi anatoza kiasi gani kusafisha na kubadilisha pesti, na ukitoe kiasi hicho kwenye bei.