Kusakinisha na Kusanidi: Istilahi Mbili na Kazi ya Msimamizi wa Vifurushi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za kompyuta zinavyoletwa katika mashine na kutayarishwa kwa matumizi kwa njia ya chombo kiitwacho msimamizi wa vifurushi. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na idara ya lugha. Jibu letu ni kwamba kitenzi kimoja, nacho ni 'kuweka', kimebebeshwa mzigo wa vitendo viwili ambavyo mashine yenyewe huvitenga, na kwamba mkanganyo huo umekwisha kutugharimu.

Tuanze na tukio. Katika idara moja tuliyowahi kufanyia kazi, kompyuta ilikuwa ikipokea matoleo mapya ya programu zake, miongoni mwazo Praat, ambayo wanafonetiki huitumia kupimia sauti za usemi. Kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika. Uliporudi, Praat haikufunguka. Mhadhiri mmoja akampigia fundi simu, akamwambia: "Programu imewekwa, lakini haijawekwa." Fundi hakuona maana katika maneno hayo. Akaamua kuifuta diski nzima na kuanza upya. Ndani ya diski hiyo mlikuwamo rekodi za mwanafunzi wa uzamili, alizokuwa amezigawa silabi kwa silabi kwa muda wa miezi mitatu, naye hakuwa na nakala nyingine. Kauli ya mhadhiri ilikuwa kweli tupu. Kilichokosekana ni vitenzi viwili vya kuieleza.

Kompyuta hiyo ilikuwa ikiendeshwa kwa Debian, mfumo ulioasisiwa mwaka 1993 na Ian Murdock, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Tunauchagua uwe mfano wetu kwa sababu utaratibu wake wa vifurushi ni wa zamani na umeigwa na mifumo mingi, na kwa sababu hautozwi ada, jambo ambalo idara zetu hazina budi kulizingatia. Toleo lake la 12, lililotoka mwaka 2023, lina vifurushi zaidi ya 64,000.

Kifurushi ni nini? Ni faili moja iliyofungasha vitu vya namna mbili. Kwanza, zimo faili za programu yenyewe, kila moja ikiwa na anwani ya mahali itakapokaa. Pili, imo hati fupi inayotaja jina la kifurushi, toleo lake, mtunzaji wake na vifurushi vingine inavyovihitaji, pamoja na amri ndogo ndogo za kutekelezwa kabla na baada ya faili kuwekwa mahali pake. Hati hii ndiyo roho ya jambo lote. Programu ya sauti haichori madirisha yake yenyewe wala haisemi moja kwa moja na kipaza sauti. Huazima kazi hizo kutoka katika mikusanyo ya amri ambayo wanakompyuta huiita maktaba. Pasipo maktaba hizo programu ni kama kitenzi kisicho na mzizi.

Uhusiano huo una daraja tatu, nazo zimepangwa kwa uangalifu ambao mwanaleksikografia ataupenda. Kifurushi hutegemea kingine, na hapo hakuna hiari. Au hukipendekeza, na hapo kitaletwa isipokuwa mtumiaji akikataa. Au hukidokeza tu, na hapo hakiletwi mpaka kiombwe. Vifurushi vilivyokuja kwa sababu ya kingine hutiwa alama ya wafuasi, ili siku aliyewaleta akiondoka, nao waweze kuagwa kwa pamoja.

Wasimamizi wenyewe ni wawili. Wa chini ni dpkg, anayefungua kifurushi na kuweka kumbukumbu ya hali yake. Wa juu ni APT, aliyetolewa pamoja na Debian 2.1 mwezi Machi 1999. Huyu huenda ghalani kupitia mtandao, husoma orodha, hukokotoa utegemezi wote, kisha humkabidhi mwenzake kazi kwa mpango. Amri 'apt update' huleta orodha mpya tu na haibadilishi programu hata moja. Amri 'apt install praat' ndiyo iletayo programu. Orodha ya ghala hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, nayo hubeba alama ya utambulisho ya kila kifurushi, hata kifurushi kilichochezewa njiani kikataliwe. (Tumewapa wasimamizi hawa upatanisho wa viumbe hai. Atakayependa kuandika 'kisimamizi' hatutamlaumu.)

Sasa tufike kwenye kiini. Dpkg hafanyi kazi yake kwa pigo moja. Kwanza huzifungua faili na kuziweka mahali pake; kisha, kwa tendo la pili, huziwekea mipangilio inayolingana na mashine hiyo. Baina ya matendo haya mawili pana nafasi, na nafasi hiyo ina sababu: kifurushi hakisanidiwi mpaka vile kinavyovitegemea viwe vimesanidiwa. Kwa hiyo vifurushi ishirini vyaweza kuwa vimefunguliwa vyote huku vikingoja zamu.

Amri 'dpkg -l' huonyesha kumbukumbu hii kwa herufi mbili mbele ya kila jina, na hapa mwanaisimu atajikuta nyumbani. Herufi ya kwanza ni matakwa ya mtumiaji. Ya pili ni hali halisi. Alama 'ii' maana yake mtumiaji anataka kifurushi kisakinishwe, nacho kimesakinishwa. Alama 'iU' maana yake anataka kisakinishwe, nacho kimefunguliwa tu. Alama 'iF' yaonyesha kwamba kusanidi kulianza kukakwama. Herufi ya kwanza, basi, hufasirika kwa kiishio -e cha matakwa, na ya pili kwa kiambishi -me-.

Lakini Kiswahili kina jambo la ziada. Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa hali ya 'iU' hutaja tu kwamba kifurushi kimefunguliwa. Halisemi kwamba kuna tendo linalotarajiwa. Sisi tuna -ja-. Tusemapo 'hakijasanidiwa' hatusemi 'hakikusanidiwa': twaarifu kwamba tendo halijatimia na kwamba bado lingojewa. Hiyo ndiyo maana ya 'iU' bila kupungua wala kuzidi. Mhadhiri wetu aliposema 'haijawekwa', kiambishi chake kilikuwa kimebeba utambuzi mzima wa ugonjwa. Mzizi ndio uliomwangusha.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zitenganishwe kwa ukali. 'Kusakinisha' litumike kwa kukifanya kifurushi kikae. Umbo lake ni bayana: 'sakini', kukaa mahali, pamoja na kiambishi cha usababishi, nalo ni jamaa ya 'maskani'. 'Kusanidi' litumike kwa kukirekebisha kilichokwisha kukaa ili kilingane na mahali na mtumiaji. Istilahi zote mbili zimekwisha kuingia katika matumizi, lakini waandishi wengi huzibadilishana ovyo, na baadhi hutumia 'kuweka' kwa zote. Tuliowasikia wakizitetea husema muktadha utafafanua. Muktadha haukumfafanulia fundi yule.

Dawa ya ajali ile ilikuwa amri moja, 'dpkg --configure -a', inayomwagiza msimamizi asanidi vifurushi vyote vilivyokuwa vikingoja. Hapana haja ya kuleta chochote upya, wala kufuta. Zaidi ya hayo, APT akiitwa baada ya kukatizwa namna hiyo huitaja amri hiyohiyo kwenye kioo, ingawa kwa Kiingereza.

Mfano mwingine ni mwepesi zaidi. Kifurushi 'hunspell-sw' huleta orodha ya maneno ya Kiswahili na kanuni za uambishaji kwa ajili ya kusahihisha tahajia. Mara nyingi mtumiaji hukisakinisha, hufungua makala yake, akakuta kila neno limepigwa mstari mwekundu. Hukisakinisha tena, naye APT hujibu kwamba toleo lililopo ndilo jipya kabisa. Kosa haliko hapo. Waraka bado umesanidiwa kuwa wa Kiingereza, na kila neno la Kiswahili lahesabiwa kosa la Kiingereza. Hata akiisha kubadili lugha, vitenzi vingi vitaendelea kukataliwa, maana chombo hicho kilibuniwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi vyake mwishoni, ilhali vyetu twavirundika mwanzoni. Lakini hilo lataka makala yake.

Pana pia suala la toleo jipya linapokuta mipangilio ambayo mtumiaji ameibadilisha kwa mkono wake. Dpkg hulinganisha faili iliyopo, ile iliyokuja hapo awali, na mpya. Ikiwa mtumiaji hakugusa kitu, mpya huingia kimya. Ikiwa mtunzaji ndiye asiyebadilisha, ya mtumiaji hubaki. Wote wawili wakiwa wamebadilisha, msimamizi husimama na kuuliza, na asiyejua ajibu nini abonyeze kitufe cha kuingiza tu, kwani jibu la kawaida ni kubakiza faili ya mtumiaji. Hata akipokea mpya, ile ya zamani huhifadhiwa kando yake kwa jina lenye tamati '.dpkg-old'.

Mwisho, kuondoa nako ni kwa namna mbili. Amri ya kwanza huondoa programu ikaacha mipangilio, na kumbukumbu husomeka 'rc'. Ya pili hufuta vyote. Kwa ile ya kwanza 'kuondoa' latosha. Kwa ya pili twapendekeza 'kung'oa', kwa kuwa mkulima aliyekata mti na aliyeung'oa hawakufanya kazi moja. Hata hivyo kung'oa huku hakugusi faili zilizomo katika makao ya mtumiaji mwenyewe. Rekodi za yule mwanafunzi zingesalimika hata kama Praat ingeng'olewa mara kumi.