Je, Wajua? Sheikh aliyeitafsiri Qurani

Je, wajua kwamba tafsiri ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ni ya padri wa Kianglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale? Ya pili, ya 1953, ilitolewa na Waahmadiyya, jumuiya ambayo Wasunni wengi hawaikubali. Masheikh wa Kisunni hawakuridhika. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwalimu wa Unguja aliyezaliwa 1912, akaishika kalamu, akaanza kutoa juzuu moja moja kwa vijitabu. *Qurani Takatifu* kamili ilichapishwa Nairobi mwaka 1969, yeye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Ifungue uone: aya kwa Kiarabu, tafsiri yake, kisha maelezo ambamo Sheikh anabishana waziwazi na Waahmadiyya. Ni Kiswahili cha mwalimu mbele ya darasa lake, na hapo ndipo penye utamu. Muislamu wa Rungwe Mpya, Kasulu, aliyekua akizungumza Kiha na asiyejua Kiarabu, anamfuata vizuri.

Farsy alifariki Oman mwaka 1982. Aliandika pia maisha ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, nani alisoma kwa nani, habari ambazo nyingi zilikuwa vichwani mwa wazee tu.