Mafuta ya Saipresi, Paini na Mtarakwa: Yanasaidia Wapi Dhidi ya Wadudu na Magonjwa ya Miti?

Ua wa saipresi unapoanza kukauka kutoka ndani kwenda nje, mwenye shamba hutafuta dawa haraka. Moja ya dawa zinazotajwa ni mafuta yenye harufu kali yanayotolewa kwenye saipresi, paini na mtarakwa. Mafuta haya yana nguvu ya kweli, lakini si tiba ya kila tatizo. Mkazi akijua mipaka yake ataokoa miti na pesa.

Mafuta haya ni nini?

Miti hii hutengeneza utomvu na mafuta ili kujikinga. Majani au vipande vya mbao hupitishiwa mvuke wa maji ya moto, kisha mvuke hupoozwa na mafuta hutengana na maji. Kinachopatikana ni kidogo sana kikilinganishwa na mzigo wa kuni na majani uliotumika.

Mahali yanaposaidia

Mfano ulio karibu zaidi ni nguzo ya mtarakwa. Kiini chake chekundu hukaa ardhini miaka mingi bila kuliwa na mchwa wala kuoza, kwa sababu kimejaa mafuta hayo. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, ndiyo maana huliwa kwanza. Watafiti wamepima viambato vya mtarakwa na kuona vinadhuru mchwa. Katika maabara, mafuta ya miti ya jamii hii pia yamezuia baadhi ya kuvu wanaoozesha mbao na miche.

Mahali yasiposaidia

Kwanza, mafuta haya huyeyuka hewani haraka. Yakinyunyiziwa juani au kabla ya mvua, kinga yake huisha upesi.

Pili, wapo wadudu waliozoea harufu hiyo. Vidukari wa saipresi, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, hufyonza matawi ya mti uliojaa mafuta hayohayo. Huko Ulaya, baadhi ya wadudu wa paini hufuata harufu ya utomvu ili kuupata mti. Kwa hiyo wataalamu huitumia harufu hiyo kama chambo kwenye mitego, si kama dawa ya kuwafukuza.

Tatu, mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe. Yakimwagwa kwenye bomba la kunyunyizia, huelea juu na kutoka yakiwa mazito, kisha huunguza majani ya miche michanga.

Nne, dawa yoyote inayoua wadudu wengi inaweza kuua pia rafiki wa mkulima. Katika miaka ya 1990, nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum aliletwa katika eneo hili ili kushambulia vidukari wa saipresi. Ua ukinyunyiziwa ovyo, nyigu huyu naye hufa.

Mkazi afanye nini?

• Achunguze ua mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi. Afungue matawi na kutazama ndani. Dalili za vidukari ni makundi ya wadudu wa rangi ya kahawia kwenye vijiti, utomvu unaonata na masizi meusi juu ya majani.

• Akate matawi yaliyoshambuliwa mapema na kuyachoma mahali salama.

• Asipande saipresi pekee. Achanganye na miti mingine ili mdudu mmoja asimalize shamba zima.

• Kwenye kitalu, atumie udongo usiotuamisha maji, apunguze kumwagilia na kuacha nafasi kati ya miche. Kuoza kwa shina la miche huanzia kwenye unyevu mwingi.

• Akinunua dawa yoyote, hata ikiitwa ya asili, athibitishe kwenye lebo kwamba imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu (PCPB). Sheria inataka dawa za wadudu zisajiliwe kabla ya kuuzwa. Aijaribu kwanza kwenye miche michache na kusubiri siku kadhaa kabla ya kuinyunyizia mingine.

Mtarakwa usikatwe kwa ajili ya mafuta

Mtarakwa ni mti wa kiasili unaokua polepole sana, na misitu yake imepungua. Kuukata ili kupata chupa chache za mafuta ni hasara kwa vyanzo vya maji vya milimani, na kukata miti katika msitu wa serikali bila kibali ni kosa. Maranda na vipande vinavyobaki kwenye viwanda vya mbao vinatosha kwa anayetaka kujifunza kazi hii.

Mkazi anayeona miti yake ikikauka anashauriwa kukata tawi lenye dalili, kulifunga ndani ya mfuko na kulipeleka kwa afisa wa kilimo wa wadi au ofisi ya misitu iliyo karibu. Inapohitajika, sampuli zinaweza kupelekwa kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI), yenye makao makuu Muguga. Kumtambua mdudu kwanza ndiko kunakoamua dawa ifaayo.