Mpelelezi Muungwana: Ushahidi na Kimya cha Historia katika Riwaya za Bwana Msa

1. Utangulizi

Katika utanzu wa riwaya ya upelelezi upo mkondo unaopendwa kwa utulivu wake. Mauaji hutokea, lakini ukatili hauanikwi. Mahali ni padogo na watu wanajuana. Anayefumbua fumbo si askari, bali ni muungwana mwenye wasaa, mpelelezi wa ridhaa asiyelipwa mshahara. Katika Kiswahili, mwakilishi mkuu wa mkondo huu ni Bwana Msa, mhusika aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla (1918–1991) wa Zanzibar. Makala haya yanadai kwamba Bwana Msa si nakala tu ya wapelelezi wa Uingereza. Dhana ya uungwana ina historia yake visiwani, na mtafiti anayeipuuza historia hiyo huzisoma riwaya hizi nusunusu.

2. Kutoka London hadi Unguja

Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Mwaka 1923 Dorothy L. Sayers alimleta Lord Peter Wimsey, mwana wa ukoo wa kikabaila anayepeleleza kwa mapenzi yake, akisaidiwa na mtumishi wake Bunter, aliyekuwa chini yake jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nguvu ya Wimsey hutokana na tabaka lake: milango ambayo polisi huibisha kwa woga, yeye hufunguliwa.

Abdulla alilichukua umbo hilo waziwazi. Bwana Msa ana kiko chake. Ana rafiki, Najum, anayeuliza yale ambayo msomaji angeyauliza. Na yupo Inspekta Seif, mwenye mamlaka ya sheria lakini anayehitaji akili ya raia. Riwaya ya kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960.

Hata hivyo, ufunguo wa milango ya Unguja ni tofauti. Bwana Msa hana cheo cha kurithi. Anachokitegemea ni mazungumzo: kauli ya adabu, subira ya kusikiliza, na kujua mipaka ya kuhoji katika jamii inayothamini sitara. Sifa hii inabainika zaidi tunapomlinganisha na waliomfuata. Inspekta Wingo katika *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraji Katalambulla ni askari polisi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika *Kufa na Kupona* (1974), ni jasusi wa serikali. Hao wana dola nyuma yao. Bwana Msa ana hoja na heshima yake tu.

3. Ushahidi dhidi ya hofu

Riwaya mbili za mwanzo zimepewa majina ya mahali panapoogopwa. Katika ya kwanza, maiti ya tajiri, Bwana Ali, inakutwa mzimuni. Katika ya pili, *Kisima cha Giningi* (1968), jina lenyewe linaamsha imani ya Giningi, makutano ya wachawi. Bwana Msa hashindani na imani hizo kwa kejeli. Huuliza maswali ya kawaida: nani alikuwapo, saa ngapi, na nani alinufaika. Palipotazamiwa pepo hupatikana mtu.

Jambo hili si la burudani pekee. Katika ukanda wetu wapo wazee, hasa wanawake, wanaouawa kwa tuhuma za uchawi. Riwaya inayomzoeza kijana kudai ushahidi kabla ya kumtaja mkosaji inatoa somo la uraia ambalo mihadhara mingi haijafanikiwa kulitoa.

4. Utulivu na kimya

Kwa asili yake, muungwana ni mtu huru aliyesimama kinyume cha mtumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini mizani ya nasaba na heshima haikutoweka kwa amri moja. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliipindua serikali ya sultani. Pamoja na hayo, Bwana Msa aliendelea kuandikwa hadi *Kosa la Bwana Msa* (1984), na dunia yake kwa kiasi kikubwa imebaki ile ya kabla ya Mapinduzi. Kwa hiyo msomaji wa miaka ya 1970 alishika mkononi riwaya ya kihistoria isiyojiita hivyo.

Hapa ndipo utulivu unapodai kuhojiwa. Mkosaji akijulikana, mpangilio wa jamii hurejea. Lakini mpangilio huo ni wa nani? Nani alifanya kazi ili muungwana apate wasaa wa kufikiri? Umbo la riwaya hizi halilazimiki kuuliza hivyo, na kimya hicho nacho ni ushahidi wa kihistoria.

5. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, wakuza mitaala wasizitenge riwaya hizi kwa kuwa ni fasihi pendwa. Zifundishwe sambamba na historia ya Zanzibar, ili mwanafunzi aone hoja yake na kimya chake kwa pamoja. Pili, watafiti wachunguze neno muungwana ndani ya matini zenyewe: nani huitwa hivyo, na nani kamwe haitwi. Tatu, mashindano ya uandishi katika nchi zetu yatoe nafasi kwa riwaya mpya za upelelezi wa kihistoria ambamo mpelelezi ni mkunga, fundi cherehani au mchukuzi wa bandarini. Wao pia huingia majumbani mwa watu, na aghalabu huona yale ambayo muungwana hakuonyeshwa.