Uzazi wa Majira: Kizuizi Kimo Nyumbani

Imezoeleka kusemwa kwamba wanawake wetu hawapangi uzazi kwa sababu huduma ziko mbali. Kwa visiwa vya Ukerewe maneno hayo yangali na ukweli wake. Lakini kwa Igogo, kata iliyomo ndani ya jiji la Mwanza, hoja hiyo haitoshi. Mama anayeishi juu kwenye majabali huteremka kila siku kwenda sokoni, na katika vituo vya Serikali huduma ya uzazi wa mpango haina malipo. Hata hivyo wapo wasioifikia. Yafaa tuulize ni nani anayewazuia.

Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 38 katika kila 100 walioolewa walitumia njia fulani ya kupanga uzazi. Hayo ni maendeleo, kwani mwaka 1991/92 walikuwa 10 tu. Lakini wengine 21 katika kila 100 walitaka kupumzika au kuacha kuzaa, na hawakutumia njia yoyote. Hao wanajua wanachotaka, wamekosa ruhusa.

Hapa kwetu ziwani jambo hili lina sura yake. Mvuvi wa dagaa hukaa kambini usiku wa giza, akarejea nyumbani mbalamwezi inapowaka. Mkewe akitaka sindano au kijiti, huulizwa: mume hayupo, unajikinga na nani? Hivyo tendo la kulinda afya hugeuzwa kuwa ushahidi wa uzinzi. Wapo wanaochagua sindano kwa kuwa haionekani, na kadi ya kliniki wakaiweka kwa jirani. Mama wa namna hiyo akipata maudhi, hedhi ikavurugika, hana wa kumweleza. Huacha kimya kimya, na mimba hufuata mtoto mchanga angali mgongoni. Mitaani nako huenea uvumi kwamba sindano huua kizazi, ilhali ukweli ni kwamba uwezo wa kuzaa huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, kisha hurudi.

Mwongozo wa taifa wa mwaka 1994 ulitamka kwamba kila mtu aliye katika umri wa kuzaa, awe na ndoa au asiwe nayo, ana haki ya maelezo na huduma. Kwa hiyo mhudumu anayemrudisha mama akamlete mumewe kwanza, anaongeza kufuli juu ya kufuli.

Wengine hujificha nyuma ya dini. Sisi tuliopita chuoni tulisoma katika Suratul Baqara kwamba mama anyonyeshe miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Tulisoma pia kuwa masahaba walifanya azli zama za Mtume, na Imamu Ghazali akaijuzisha. Kanisa Katoliki nalo, ingawa linakataa dawa na vifaa, huwaruhusu wanandoa kuhesabu siku. Wataalamu wa afya hushauri miezi 24 ipite baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Basi ugomvi uko wapi?

Mwaka 1969, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba katika kuzaa binadamu ni sawa na wanyama, bali kulea na kusomesha ndiyo kazi ya binadamu. Mume anayedai watoto kwa sababu alitoa mahari hana budi kulipima neno hilo.

Tunasema wazi: mabalozi wa mashina walizungumze jambo hili vikaoni mbele ya wanaume, maofisa wa afya wawafuate wavuvi mialoni wakati wa mbalamwezi, wanapokuwapo, mashehe na wachungaji waseme wanayoyajua. Mwanamke aliyeolewa hakuuza mwili wake kwa mahari. Akiomba kupumzika, anaomba uhai wake na wa mtoto aliye mgongoni. Kumnyima ni dhuluma, na dhuluma haiwi halali kwa kutendwa nyumbani.